Nani Aliamua Kwamba Diski Yangu Ni Mgeni?

Wiki tatu kabla ya kuwasilisha tasnifu yangu, kompyuta yangu ya mkononi ilianza kunigomea. Nikihifadhi sura, duara la rangi linazunguka mpaka nasahau nilichotaka kuandika. Nikinakili rekodi za wazee niliowahoji kando ya Ziwa Albert, kazi ya dakika mbili inachukua robo saa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mwenye kibanda hapa Kampala. Ni mzaliwa wa Bukavu, na mimi hupenda kwenda kwake kwa sababu tunaongea Kiswahili. Akaiwasha, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, hii diski imechoka. Tutie ingine."

Diski hiyo ya SSD ilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Aliifunga yeye mwenyewe, kwa shilingi 130,000 zangu, mahali pa ile diski ya kuzunguka iliyokuja na kompyuta.

Sikununua ingine, kwa sababu sikuwa na hela. Jioni nikamlalamikia mwenzangu wa chumba anayesoma uhandisi, naye akaniuliza swali moja tu: "TRIM uliiwasha?" Sikujua anasema nini. Akafungua ripoti ya mfumo, akashuka hadi kwenye vifaa vya SATA, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mstari ulisema hapana. Kwa hiyo diski yangu haikuwa imechoka. Tangu siku ilipofungwa, hakuna aliyeiambia kipi kati ya vile inavyovibeba ni taka.

Wahadhiri wangu watanisamehe kwa kuacha ushairi na sintaksia kwa kurasa chache. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe unamhusu kila mwanafunzi anayesomea kwenye kompyuta ya mtumba, yaani karibu sisi sote ninaowafahamu.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana wengi wetu tunaambiwa "SSD ni ya kasi" na maelezo yanaishia hapo. Diski ya zamani, ile ya kuzunguka, inafanana na ubao wa chaki: ukitaka kuandika mahali palipokuwa na maandishi, unaandika juu yake na ya zamani yanapotea. Chipu za SSD hazikubali hivyo. Zinaandikwa kwa kurasa ndogo, za kilobaiti 4, 8 au 16, lakini ukurasa uliokwisha kuandikwa hauandikwi tena mpaka ufutwe kwanza, na ufutaji haufanyiki kwa ukurasa mmoja mmoja. Unafanyika kwa kitalu kizima chenye mamia ya kurasa. Tena kila kitalu huvumilia idadi fulani tu ya kufutwa kabla ya kuchakaa.

Sasa wewe unafuta faili. Unadhani limeondoka. Mfumo wa kompyuta umefanya jambo dogo sana: umekata jina la faili kwenye daftari lake. Diski haina habari. Kwake yeye kurasa zile bado zina mali ya mtu.

Fikiria bweni letu. Msajili anakata majina ya waliohitimu kwenye daftari lake la ofisini, lakini hamwambii mhudumu wa vyumba. Kila mhudumu anapotaka kupiga deki chumba kizima, anabeba magodoro na masanduku yote, ya waliopo na ya waliohitimu miaka miwili iliyopita, anayapeleka chumba cha pili, anapiga deki, kisha anatafuta pa kuyapanga upya. Wanafunzi wapya wanasimama koridoni na mabegi yao wakisema mhudumu ni mvivu. Mhudumu anafanya kazi mara tatu ya inayostahili, na mgongo wake unaumia bure. TRIM ni ujumbe tu. Ni msajili kumwambia mhudumu: kitanda cha 14 mwenyewe ameondoka, usihangaike na godoro lake.

Ni hivyo tu. Si programu ya kununua wala si ufundi wa siri. Ni amri iliyomo katika lugha ambayo kompyuta na diski za SATA huzungumza, na diski yenyewe, ikiulizwa na kompyuta, hujitambulisha kama inaielewa amri hiyo au la. Neno hilo la mwisho mlishike, kwa sababu ugomvi wangu umejengwa juu yake.

Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009 ilikuwa na TRIM. Ilituma ujumbe kwa diski yoyote iliyosema "naelewa". Kerneli ya Linux ilipata uwezo huo katika toleo la 2.6.33, mwanzoni mwa 2010. Apple ikafuata mwaka 2011, lakini kwa sharti lake. Kipande cha mfumo kinachoendesha diski kilikuwa kikisoma jina la diski, na kama ndani ya jina hilo hamna maneno APPLE SSD, TRIM haiwashwi. Diski ingeweza kupiga kelele kwamba inaielewa amri. Haikusikilizwa. Hakikupimwa uwezo, kilipimwa jina.

Na jina hilo lilikuwa kibandiko. Chipu na diski ndani ya MacBook Air za miaka ile zilitoka kwa watengenezaji kama Samsung na Toshiba, walewale wanaouza diski madukani kwa majina yao. Najua jibu la watetezi: diski za Apple zina programu yake ya ndani iliyojaribiwa na Apple. Sawa, nakubali, na nitarudi huko. Lakini tuone kwanza watu walifanya nini.

Watu walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya mlangoni anapoulizwa jina: walibadilisha jina linalotafutwa. Waandishi wa programu wa kujitegemea, akiwemo Cindori na programu yake ya Trim Enabler, waligeuza yale maneno machache ndani ya kipande hicho cha mfumo ili kisibague tena. TRIM ikafanya kazi kwenye diski za watu baki, kwa miaka mitatu hivi, mashine kwa mashine.

Halafu mnamo Oktoba 2014 ikaja OS X Yosemite, toleo la 10.10. Kuanzia hapo mfumo ulikagua sahihi ya kila kipande cha aina hiyo, na kilichoguswa kikakataliwa. Ukaguzi wa sahihi ni ulinzi wa kweli dhidi ya programu za wizi, nami siupingi. Tatizo ni hali waliyoachiwa wenye diski za kununua. Aliyetaka TRIM alilazimika kuzima ukaguzi huo kwa vipande vyote, si kile kimoja. Ni kama kuambiwa kwamba ukitaka kufungua dirisha la jikoni sharti ung'oe kufuli la mlango wa mbele. Na kama baadaye kumbukumbu ndogo ya mipangilio ya mashine ingefutwa kwa sababu yoyote ile, ukaguzi ulirudi wenyewe, ukakuta kipande kilichoguswa, na kompyuta ikakataa kuwaka. Ulibaki unatazama alama ya kijivu ya marufuku. Mtu mwenye kazi ya kuwasilisha kesho alichaguliwa moja kati ya mawili: diski chafu au mlango wazi.

Miezi minane baadaye, tarehe 30 Juni 2015, toleo la 10.10.4 likaja na amri ndogo iitwayo trimforce. Ndiyo iliyopo mpaka leo. Unafungua Terminali, unaandika sudo trimforce enable, unaweka nywila yako, unasoma onyo, unakubali mara mbili, kompyuta inazima na kuwaka upya. Basi. Kilichokuwa hakiwezekani jana kikawa mstari mmoja. Hakuna diski iliyobadilika kati ya jana na leo. Hilo ndilo linalonichoma: kama leo inawezekana kwa mstari mmoja, basi na jana iliwezekana.

Sasa onyo lenyewe. Linakuambia, kwa maneno mengi, kwamba diski yako haijathibitishwa, kwamba huenda ukapoteza data, na kwamba ukiendelea ni shauri lako. Hapa ndipo penye hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, na sitaikwepa.

Ni kweli kwamba zipo diski ambazo zilitekeleza TRIM vibaya. Kerneli ya Linux yenyewe ina orodha ya diski zenye kasoro, na ndani yake yamo majina makubwa: baadhi ya diski za Crucial na Micron, na za Samsung za mfululizo wa 840 na 850, zimezuiwa kutumia aina moja ya TRIM, ile inayopangwa foleni pamoja na amri nyingine. Kwa hiyo hofu haikuzuliwa. Lakini tazama namna mbili za kuishughulikia hofu hiyohiyo. Linux inaandika jina la mkosaji, inaandika kosa lake, inazuia kile kinachodhuru na kuacha kinachofaa, na orodha yenyewe iko wazi kwa yeyote anayetaka kuipinga. Njia ya pili ni kumwandika mmoja kuwa msafi na dunia nzima kuwa washukiwa, bila ushahidi kuwekwa mezani. Mtu aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ya jina la ukoo lililo kwenye kitambulisho chake hahitaji maelezo zaidi.

Na washukiwa wenyewe wakati mwingine hawana hatia. Mwaka huohuo wa 2015 kampuni ya Algolia iliona data ikiharibika kwenye seva zake, ikachunguza kwa wiki kadhaa, na kidole kikaelekezwa kwa diski za Samsung na TRIM. Habari ikaenea. Samsung nayo ikachunguza, na kosa likapatikana ndani ya kerneli ya Linux, si kwenye diski. Likarekebishwa. Kisa hiki kinanifurahisha kwa sababu moja: lawama ilitupwa hadharani, ikajibiwa hadharani, ukweli ukapatikana. Mfumo unaosoma jina tu hautoi nafasi hiyo. Unashuku na kunyamaza.

Kuna wanaosema TRIM haina umuhimu, eti SSD za siku hizi zinajisafisha zenyewe usiku tukilala. Zinajisafisha, ndiyo. Lakini mhudumu wa bweni asiyejua nani ameondoka anaweza kufanya kazi usiku kucha, na bado atakuwa anahamisha magodoro ya waliohitimu. Wenye diski kubwa iliyo nusu tupu hawatahisi kitu, na ninakiri hivyo bila shida. Wanaohisi ni sisi wenye gigabaiti 240 zilizojaa mpaka shingoni. Maskini wa nafasi ndiye anayeumia kwanza.

Pingamizi la tatu lilinigusa zaidi, kwa sababu lilitoka kwa rafiki aliyefuta kwa bahati mbaya rekodi za ngano za bibi yake kutoka kwenye diski ya kuzunguka, na fundi akazirudisha. "Ukiwasha TRIM," aliniambia, "ukifuta umefuta." Ana haki. Diski ikishaambiwa kwamba kurasa fulani ni taka, yaliyokuwamo kwa kawaida hayarudi, hata ulie. Mimi nina saa nyingi za sauti za wazee ambao wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Nililala nikilifikiria jambo hilo, na asubuhi, kabla ya kuigusa Terminali, nilinakili kila kitu mara mbili, nakala moja kwangu na nyingine kwa dada yangu Entebbe. Lakini hebu tuwe wakweli: kuacha diski ioze polepole ili siku moja uzembe wetu usamehewe si mpango wa kuhifadhi kazi ya utafiti.

Nikaandika amri. Nikakubali mara ya kwanza, nikakubali mara ya pili. Ikazima. Zile sekunde kabla haijawaka tena sitawasimulia.

Ripoti ya mfumo sasa ilisema ndiyo. Niliiacha imewaka usiku kucha, na kesho yake sura ya tatu ilihifadhiwa kabla sijaondoa kidole. Msinisingizie kwamba nauza dawa: usiku huohuo nilifuta pia filamu za gigabaiti 30, na siwezi kusema ni shilingi ngapi za shukrani ziende kwa TRIM na ngapi kwa filamu. Ninachojua ni kwamba nafasi ile ya filamu, bila TRIM, diski ingeendelea kuibeba kama mali.

Nikarudi kwa fundi, na huko ugomvi wangu ukapata upande wa pili. Sikumkuta mwizi. Nilimkuta mtu aliyefunga mamia ya diski bila kuambiwa na yeyote kwamba kazi haiishii kwenye skrubu. Lakini simwachii hivihivi. Neno "imechoka" linamletea mauzo, na halimgharimu kitu. Mteja anayeambiwa "imechoka" hana pa kukata rufaa. Kati ya kampuni inayonyamaza kwa kutoamini na fundi anayenyamaza kwa kutojua, aliyetoa shilingi 130,000 analipishwa mara mbili. Namtaka fundi yeyote anayefunga SSD afungue mstari ule wa ripoti mbele ya mteja kabla ya kupokea pesa. Inachukua dakika moja. Mwenye Windows ataandika fsutil behavior query DisableDeleteNotify na kutafuta sifuri, maana sifuri hapo ndiyo ishara kwamba TRIM inafanya kazi. Mwenye Linux ataendesha fstrim.

Na namtaka mtengenezaji atoe sababu. Kama diski fulani ni mbaya, itajwe. Kama hakuna iliyotajwa, ujumbe utumwe kwa kila diski inayosema inauelewa, na anayeogopa ndiye apewe amri ya kuzima. Mbona mwenye diski ngeni ndiye atie sahihi ya kujitoa mhanga ili apate usafi wa kawaida ambao diski yenye kibandiko inaupata bila kuomba? Hii si hoja ya mashine za zamani pekee. MacBook Pro za 2012 zilikuwa na skrubu, ukaweza kubadilisha diski mwenyewe. Katika zile zenye Touch Bar, zilizoanza 2016, hifadhi imelehemiwa kwenye ubao. Ulianza na jina, ukaishia na risasi ya kulehemu. Mashine hizo ndizo zinazoingia sasa kwenye masoko yetu ya mitumba, na wadogo zetu ndio watakaozinunua.

Limebaki jambo la lugha, na ningeonekana msaliti wa idara yangu nisipoligusa. Lile onyo la trimforce ni la Kiingereza tupu. Mtu anaulizwa kama anakubali kupoteza data yake kwa lugha ambayo fundi wangu, mwenye Kiswahili na Kifaransa, anaisoma kwa kubahatisha. Nani amekubali nini hapo? Wafasiri wetu wa programu nao wamezoea kuandika "wezesha", na fundi wangu hajawahi kuwezesha kitu maishani mwake. Yeye huwasha. Mimi niko upande wake. Amri ya TRIM inawashwa, mstari unasema imewaka, na mteja anaelewa.

Basi siku ile nilikaa kwenye stuli yake, nikamwandikia hatua zote kwa Kiswahili nyuma ya karatasi ya risiti, kuanzia kunakili data mpaka kusoma ripoti. Akaisoma mara mbili, akauliza kuhusu nywila, akaibandika ukutani juu ya pasi ya kulehemu.

"Na ile ya kwako," akasema, "sasa inaenda?"

"Inaenda."

"Basi ulinikosesha mauzo, dada."

Siku mbili baadaye akanipigia simu. Alikuwa na mteja amesimama mbele yake, na amri inakataa. Nikamwambia anisomee nilichoandika, herufi moja moja. Nilikuwa nimeandika trimfoce.